Kabla ya kununua pambo lenye uhai, sikiza kisa cha mwani na kasuku

MPENZI msomaji, mama mmoja kutoka Nakuru ameuandikia ukurasa huu akiomba ushauri. Kitinda mimba wake amefanya vyema shuleni na wazazi walikuwa wamemwahidi zawadi. Mtoto hataki baiskeli wala viatu vya kuchezea mpira. Anataka kitu chenye uhai. Baba mtu amependekeza kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, kwa kuwa kuna mwenzake kazini anayedai kujua pa kumpata. Mama naye aliona dukani tangi la kioo lenye samaki wa rangi rangi na mimea ya kijani inayopepea majini, likamkaa moyoni. "Kati ya hivi viwili," auliza, "ni kipi kisicho na shida?"

Bila shaka wengi wenu mtasema jibu ni rahisi. Mmea haupigi kelele, haumwumi mtoto kidole, wala haufi kwa upweke aila nzima ikienda mashambani wakati wa Krismasi. Ndege ana roho, mmea ni mmea tu.

Ngojeni kwanza. Leo nataka tuwaweke kwenye mizani viumbe wawili ambao kwa miaka mingi wamenunuliwa na watu wa dunia nzima ili kupamba nyumba. Mmoja ni mwani wa kijani wa baharini ambao wataalamu huuita Caulerpa taxifolia. Wa pili ni huyo kasuku wa kijivu. Kisha tutaona kama kweli yupo kati yao asiye na shida.

MMOJA NI BUBU, MWINGINE NI MSEMAJI

Tuanze na mwani. Ukiutazama utadhani ni kuti changa la mnazi lililopunguzwa likatosha kiganjani. Una vijani vilivyopangika pande mbili kama unyoya, na utepe mrefu unaotambaa juu ya mchanga na mawe. Hupatikana katika bahari zenye joto, na Bahari Hindi ni mojawapo. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ni kwao pia. Basi si mgeni kwetu.

Ajabu yake ni kwamba mwili huo wote, utepe na makuti yake, ni seli moja tu. Miili yetu sisi ina seli zisizohesabika, kila moja na kiini chake. Mwani huu una viini vingi mno lakini hakuna kuta za kuvitenganisha ndani. Ni kama jumba lenye wakazi maelfu na chumba kimoja. Ukikatika, kidonda hujiziba upesi, na kipande kilichokatika huweza kuwa mwani mwingine kamili. Kipande cha sentimita moja chatosha.

Sasa kasuku. Wengi wetu twamjua zaidi kwenye jalada la daftari na kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, ule ambao hatimaye hupimia mahindi sokoni, kuliko tunavyomjua msituni. Uzani wake ni kama gramu 400, yaani hafiki hata nusu kilo. Makao yake ya asili ni misitu ya Afrika ya kati na magharibi, kuanzia Ivory Coast na Ghana, kupitia Kongo na Uganda, hadi magharibi mwa Kenya. Msitu wa Kakamega ndio kikomo chake cha mashariki.

Ndani ya kichwa hicho kidogo mna akili ya kushangaza. Mnamo mwaka wa 1977 mtaalamu wa Marekani, Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa aina hii akamwita Alex, akamfundisha kwa miaka 30. Alex alijua majina ya vitu wapatao 50, rangi saba na maumbo matano, na aliweza kuhesabu hadi sita. Hakuwa akiiga tu kama wengi wanavyodhani. Akionyeshwa vitu viwili aliweza kueleza vinafanana kwa lipi na vinatofautiana kwa lipi. Alikufa Septemba 2007 akiwa na umri wa miaka 31, nao huo si uzee kwa kasuku. Wapo wanaofugwa wakafikisha miaka 50 na kupita.

Kwa hivyo, msomaji, viumbe hawa wako mbali kama mbingu na ardhi. Mmoja hana ubongo, mwingine anajua hesabu. Mmoja huzaliana kwa kukatika vipande, mwingine huchukua miaka kadhaa kabla ya kuwa mzazi, na hata hapo jike hutaga mayai matatu au manne hivi. Mbona basi niwaweke pamoja? Kwa sababu wote wawili walipendwa, wakapewa bei, wakasafirishwa. Yaliyofuata ndiyo yanayotuhusu.

META MOJA CHINI YA DIRISHA

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, watunzaji wa matangi ya samaki huko Ulaya waliuenzi mwani huu kwa kuwa ulipamba na haukuwa na taabu. Ulistawi katika matangi ya bustani ya wanyama ya Stuttgart, Ujerumani, na vipande vikagawiwa kwingine. Baadhi vilifika Monaco, kwenye Jumba la Makumbusho ya Bahari lililofunguliwa mwaka wa 1910 na ambalo wakati huo lilikuwa likiongozwa na yule mpiga mbizi mashuhuri, Jacques Cousteau.

Mwaka wa 1984 mwani huo ulionekana baharini chini ya madirisha ya jumba hilo. Eneo lake lilikuwa kama meta moja mraba, yaani pakutosha mkeka wa mtoto wa kulalia. Mtu mmoja mwenye gunia angeweza kuung'oa wote kabla ya chakula cha mchana.

Haukung'olewa. Wengi waliamini kwamba mmea wa bahari ya joto ungekufa kwa baridi ya Mediterania. Lakini aina hii iliyolelewa kwenye matangi ilikuwa sugu, ikavumilia baridi ambayo mwani wa kawaida wa joto hauiwezi. Kufikia mwaka wa 1989 ulikuwa umefunika hekta moja, ambayo ni karibu ekari mbili unusu. Profesa Alexandre Meinesz wa Chuo Kikuu cha Nice alipiga kelele, lakini badala ya hatua kukawa na mabishano. Wapo waliosema mwani umetoka kwenye tangi, wapo waliosema umejiletea wenyewe kutoka bahari nyingine. Mabishano yakiendelea, mwani nao ukiendelea. Kufikia mwaka wa 2000 ulikuwa umesambaa katika eneo la hekta zipatazo 13,000 kwenye pwani za nchi sita, zikiwemo Ufaransa, Italia, Uhispania, Croatia na hata Tunisia, Afrika Kaskazini.

Ulisafiri vipi? Kwa nanga za mashua na nyavu za wavuvi. Nanga ilizama hapa ikanasa kipande, ikang'olewa, ikashushwa bandari nyingine. Mwani wa Mediterania ulikuwa wa kiume mtupu, haukuwa na mwenzi wa kuzaa naye. Haukumhitaji. Kila kilichokatika kilikuwa ni yule yule, kana kwamba mmea mmoja ulienda kila mahali.

Mwani huu una sumu inayoufanya usiliwe na samaki na viumbe wengine wala majani. Huku kwenye bahari za joto wako konokono laini wa baharini waliouzoea, nao huutafuna. Kule hawakuwapo wa kuutosha. Ulitambaa juu ya nyasi za bahari, zile ambazo samaki wadogo hujificha na kukulia ndani yake, ukazifunika. Na nyasi hizo za Mediterania hukua polepole mno, sentimita chache tu kwa mwaka.

Ni kweli kwamba baadaye, katika miaka ya 2000, mwani huo ulianza kufifia wenyewe katika sehemu nyingi za pwani ya Ufaransa, na leo hautishi kama ulivyotisha. Hata hivyo hakuna serikali iliyopanga hivyo. Ilikuwa bahati.

Linganisha na yaliyotokea Marekani. Juni 2000, wapiga mbizi waliokuwa wakikagua nyasi za bahari kwenye wangwa mmoja karibu na mji wa Carlsbad, California, waliuona mwani ule ule. Hawakukaa kubishana. Katika siku 17 kazi ilikuwa imeanza ya kuufunika kwa maturubai na kupenyeza dawa ya klorini chini yake. Mwaka wa 2006 ilitangazwa kwamba umetokomezwa. Gharama ilipita dola milioni saba, na hayo ni ya mahali pawili tu ulipoonekana katika jimbo hilo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hata ufa wenyewe si rahisi kuuziba.

NDEGE MIA SABA WAKAWA KUMI NA WANANE

Tumgeukie kasuku. Kisa chake ni hicho hicho, ila kimepinduliwa.

Mwani ulitolewa tangini ukatiwa mahali pasipo pake, ukawa mwingi kupita kiasi. Kasuku alitolewa mahali pake akatiwa tunduni, akawa haba. Kati ya mwaka wa 1975 na 2013, kasuku wa kijivu pamoja na jamaa yake wa karibu wa Afrika Magharibi waliosafirishwa rasmi kutoka misituni hadi nchi za nje walizidi milioni 1.3. Hao ni wale walioandikwa kwenye karatasi. Waliokufa kabla ya kufika uwanja wa ndege hawamo, wala walioingizwa kwa magendo hawamo.

Namna wanavyonaswa inasikitisha. Mtegaji huweka gundi kwenye matawi, kisha humfunga kasuku mmoja pale awe chambo. Ndege hawa huishi kwa jamii, hulala pamoja mamia kwenye mti mmoja ama miti ya jirani, na huitana. Wakimsikia mwenzao huja, wakanata. Hukatwa manyoya ya mbawa na kushindiliwa wengi katika kreti moja. Yaani upendo wao kwa wenzao, ule unaowafanya wawe marafiki wazuri nyumbani kwa binadamu, ndio unaowanasa.

Tazama Ghana. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka wa 2016 walirudi kwenye sehemu tatu za kulala kasuku ambazo miongo miwili nyuma kila moja ilikuwa na ndege kati ya 700 na 1,200. Katika sehemu zote tatu waliona ndege 18. Walikadiria kwamba tangu mwanzo wa miaka ya 1990 nchi hiyo ilikuwa imepoteza asilimia 90 hadi 99 ya kasuku wake. Kukatwa kwa miti mikubwa yenye mashimo ya kutagia kulichangia, na biashara ikamalizia.

Mwezi wa Oktoba 2016, mataifa yaliyokutana Johannesburg chini ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotolewa porini. Marufuku hiyo ilianza kutumika Januari 2017. Hapa kwetu Kakamega, mtu anaweza kutembea msituni siku nyingi asimwone hata mmoja.

Na hapa ndipo tofauti kati ya mwani na kasuku inapouma. Mwani wa meta moja mraba ungeweza kung'olewa asubuhi moja. Msitu uliokosa kasuku hauwezi kujazwa asubuhi moja, wala mwaka mmoja. Ndege anayeanza kuzaa akiwa na miaka mitatu hadi mitano, na ambaye si kila jozi hutaga kila mwaka, hawezi kufidia hasara ya kreti moja kwa haraka. Mwani ni hatari kwa sababu ni rahisi kuzaliana. Kasuku yuko hatarini kwa sababu si rahisi. Mnunuzi aliyevileta vyote viwili sebuleni hakuuliza hilo.

YAMETUFIKA SISI PIA

Usidhani, msomaji, kwamba haya ni mambo ya Wazungu na matangi yao. Waulize watu wa Kisumu, Homa Bay na Busia kuhusu gugumaji. Mmea ule asili yake ni Amerika Kusini. Ulisambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau ambalo watu walipenda kuliona likielea vidimbwini. Katika miaka ya 1990 ulifunika sehemu kubwa za Ghuba ya Winam, mashua zikakwama, wavuvi wakarudi mikono mitupu. Hadi leo huja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alipokuja, mwenyeji aliugua.

Ndege nao wanaweza kugeuka kuwa kama mwani. Ukienda Naivasha utawaona kasuku wadogo wa kijani wenye shingo za manjano wakiruka makundi kwa makundi. Wanapendeza sana. Si wa pale. Jamaa zao ni wa Tanzania, na hawa wa Naivasha ni uzao wa ndege waliofugwa wakaachiliwa ama wakatoroka, wakachanganyika. London nako kuna makundi ya kasuku wa kijani kutoka nchi za joto wanaokaa kwenye bustani za jiji wakati wa theluji. Kwa hivyo kosa si la mwani wala si la ndege. Kila kiumbe kina mahali ambapo kuna wa kumla, wa kumbana na wa kumlisha. Kikiondolewa hapo, ama kinazidi au kinaisha.

JIBU KWA MAMA WA NAKURU

Sasa dada yangu, nitakujibu bila kuzunguka.

Kwanza, mwambie baba watoto amwache huyo mwenzake wa kazini na kasuku wake. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyama wa porini nyumbani bila kibali, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilishawataka wenye kasuku wa kijivu wajitokeze kuwasajili. Ndege anayeuzwa kwa kunong'onezana karibu daima ana kreti nyuma yake, na ndani ya kreti hiyo wako wenzake waliokufa. Hata wale waliozalishwa vizimbani, ambao huuzwa kwa vibali, wanataka mtu wa kuwa nao mchana kutwa. Kasuku aliyeachwa peke yake hujinyonyoa manyoya mwenyewe mpaka ngozi ionekane. Na kumbuka umri wake. Mwanao ataenda sekondari, ataenda chuo, ataoa, na kasuku bado atakuwa akikuita kwa sauti ya huyo mtoto.

Pili, tangi la samaki halikatazwi, lakini si pambo lisilo na shida. Matangi mengi yanayouzwa humu nchini ni ya maji yasiyo na chumvi, kwa hivyo mwani wa Monaco hautakuwamo. Watakuwamo samaki na mimea mingine ya mbali. Ukichoka nayo, ama mkihama, usimwage kilichomo mtoni, bwawani wala mtaroni. Mpe jirani anayefuga, au urudishe dukani. Mimea ikaushe juani hadi ife kabisa kabla ya kuitupa. Ukifanya hivyo hutakuwa umeleta gugumaji jingine. Jimbo la California liliona jambo hili ni zito kiasi kwamba mwaka wa 2001 lilitunga sheria ya kuzuia uuzaji wa mwani huu na jamaa zake kadhaa.

Tatu, mtoto anayependa viumbe si lazima apewe kiumbe. Pesa za tangi zaweza kununua darubini ndogo ya kutazamia ndege na nauli ya aila kwenda Ziwa Nakuru, ambalo liko mlangoni penu. Mpe daftari, hata lile lenye picha ya kasuku, aandike kila ndege anayemwona, saa na mahali. Akifikisha ndege 50 mpeleke Kakamega.

Najua, wapo watakaosema kwamba ndege mmoja si kitu, na kipande kimoja cha mmea si kitu. Wale kasuku milioni moja na ushei walinunuliwa mmoja mmoja, na kila mnunuzi alisema vivyo hivyo. Mwani nao ulianza kwa kipande kilichotosha kwenye kiganja cha mtu.

Kama una kasuku nyumbani na hujui la kufanya, usimfungulie dirisha ukidhani unamtendea wema, kwani hajui kujitafutia na atakufa. Nenda kwenye ofisi ya KWS iliyo karibu nawe ukaulize. Na kama mna tangi, tuandikieni mtueleze mnavyolitunza, tupate kuwafaidi na wengine.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia paka wanaotupwa masokoni na ni nani anayepaswa kuwalea. Hadi wakati huo, nawatakia juma lenye heri.